Maziwa Yalimsikia Mtoto

Nje ya geti la kiwanda cha mkonge, Ngombezi, kuna benchi moja tu, na kivuli kimoja tu, cha mwarobaini. Hapo ndipo Sharifu, muuza kahawa, hutua birika lake na wenye benchi hukutana: Waziri, asiyewahi kuongoza hata kikao cha harusi, Daktari, aliyewahi kulazwa akatoka na elimu yake, na mzee Fabiani, mstaafu wa korona, ile mashine inayomenya majani ya mkonge. Leo binti yake Yusta amerudi kazini hapo kiwandani kutoka likizo ya uzazi, na Fabiani hajagusa kikombe.

— Asubuhi nyumbani mjukuu ameangua kilio cha njaa, — akasema, — nikampigia mama yake. Kabla sijatia neno, ananiuliza: “Baba, mtoto analia? Maana ovaroli imeloa.”

— Acha wewe!

— Haki ya Mungu! Na kati ya nyumba na kiwanda kuna kilima kizima!

— Huo ni mshipa wa kitovu, — akasema Daktari. — Ukikatwa, unabaki hewani.

— Mshipa gani? Mtandao huo! — Waziri akadakia. — Kila mama ana mnara kifuani. Ndiyo maana wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

— Sasa Waziri, — Sharifu akauliza, — mtoto hayupo, mbona lake limeloanisha ovaroli?

— Wahenga hao walinyonyesha lini? — Waziri akajitetea.

Wakacheka. Fabiani hakucheka. Maisha yake yote aliamini hakuna cha kuushinda mngurumo wa korona. Kumbe Yusta wake husimama ndani ya mngurumo ule na bado anamsikia mwanawe. Mungu fundi, alijisemea, na macho yakamlowa.

Honi ya mapumziko ikalia. Edna, msichana aliyeanza kumlea mtoto leo, akafika, mtoto mgongoni analia kwa kelele.

— Shikamooni wazee. Dada kaniambia nimlete anyonye. Sasa dada atakaa wapi?

Waziri akamtazama Daktari. Daktari akachungulia kikombe.

Yusta alishatoka getini. Alinawa utomvu wa mkonge kwa maji ya chupa, usije ukamwasha mtoto, akaangaza huku na huku, kisha akaanza kuchuchumaa juani, kando ya lundo la mabaki ya mkonge.

— Inukeni, — Fabiani akasema.

— Wote?

— Wote!

Yusta akaketi kivulini. Mtoto akashika ziwa, kimya. Wazee wakasimama juani na vikombe vyao, wamempa mgongo.

Edna akatazama juu, penye matundu kati ya majani ya mwarobaini.

— Na mvua ikinyesha, atakaa wapi?

Sharifu akatikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.