Dieudonnée Mwamini, Mwalimu wa Sindano Isiyoonekana

Ndugu, jamaa na majirani, kabla sijasoma naomba mfikirie karai moja la maji ya kunawa kwenye matanga, likipita mkono kwa mkono kabla ya kula bugali na sombe, maji yakianza safi na kumfikia wa mwisho yakiwa na rangi ya udongo.

Dada yangu Dieudonnée Mwamini alizaliwa Wamaza, Kabambare, tarehe 14 Machi 1981, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari hapa Kasongo, na mwaka 2008 akamaliza biolojia chuo kikuu, Kisangani, akarudi kufundisha hapa mjini wakati wengi wetu tulidhani hatarudi.

Tarehe 7 Agosti 2010 aliolewa na Emile, wakajaliwa Sarah-Grâce na Heri, na hata akiwa na mtoto mgongoni aliendelea kusoma jambo moja, yaani umbo la bakteria ya kuhara damu: pete zilizopenya ngozi zake mbili, na juu ya pete hizo sindano yenye tundu jembamba mno, hata protini hunyooshwa kama uzi ndipo ipite, kisha ikifika ndani ya seli ya utumbo wetu hujikunja tena na kuilazimisha seli imkaribishe adui. Wanafunzi wakamtania, "Madame, hiyo si iko pompe ya kinga!", naye akacheka, na kesho yake akaja na pompe ya baiskeli kweli, akaifungua mbele yao, akawaonyesha inapofanana na isipofanana.

Tarehe 3 Februari 2025 tulimzika shangazi yetu kule Wamaza, na karai lilipomfikia dada yangu mikono ya wakubwa wote ilikuwa imekwisha kupita humo, akalitazama, akaona kukataa ni kuwaaibisha wazee katika huzuni yao, akanawa, akala. Kuhara damu kulianza siku chache baadaye, pikipiki ikakwama kwenye matope ya njia ya Kasongo, tukafika hospitali maji yamemwisha mwilini, akafariki alfajiri ya tarehe 11, akiwa na miaka 43. Tumechoka, ndugu zangu, udongo wa kaburi la kwanza haujakauka.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika, na walimu wenzake waliombeba. Dada, umefundisha vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.

Neno lake la mwisho kwa Emile lilikuwa, "Kwa matanga yangu musipitishe karai." Mtungi na sabuni viko mlangoni, tafadhali mkumbuke hilo tu: kila mmoja amwagie mwenzake maji.