Kura Imemwangukia Baridi

Kijiwe chetu ni baraza ya saruji mbele ya duka la misumari la Aliasgar, pale kichochoro kinapotokea Ndia Kuu ya Mombasa, na meza yangu ya kutengeneza saa iko ubavuni mwake, kwa hivyo hata nikitaka kutosikia nitasikia tu. Baada ya swala ya alasiri Kamaludin huja na dele lake la kahawa chungu, na wenyewe hukusanyika: Abdulghafur mshona kanzu, tuliyempa jina la Mufti kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea fatwa, hata la mpira, Aliasgar mwenyewe, ambaye ni Misumari, Badawi, ambaye ni Redio, na huyo sina haja ya kumweleza, na Terry fundi wa mafriji, Mkristo wa pekee barazani, jina lake Baridi. Mimi waniita Dakika. Alhamisi hiyo Baridi alifika kabla ya kahawa yenyewe, akakaa ukingoni na simu mkononi. Nikajua kuna jambo, na nikajua halitanipa nafasi ya kufanya kazi.

MUFTI: Baridi, hiyo simu umeikodolea macho tangu nije. Wangoja nani?

BARIDI: Mchungaji. Saa kumi na moja kamili atapiga. Yuwataka jibu, ndiyo au la.

REDIO: Jibu la nini tena?

Redio alikuwa anajua vizuri sana. Habari hiyo aliitangaza yeye mwenyewe tangu Jumatatu, mpaka soko la Marikiti. Lakini alitaka kuisikia tena kwa mdomo wa mwenyewe.

BARIDI: Usharika wetu kule Tudor hauna mwinjilisti tangu yule wetu arudi kwao. Na mchungaji twamuona Jumapili moja kwa mwezi. Akatwambia, chagueni mmoja wenu aende chuo cha Biblia, huko bara, miaka miwili, arudi awahudumie. Pigeni kura, mnambie. Kisha akaenda zake.

MISUMARI: Mkapiga.

BARIDI: Tukapiga. Na hapo ndipo palipoharibika.

REDIO: Kura ni kura, yakhe. Yaharibika vipi?

BARIDI: Kuna kura na kura. Nanjala, mwandishi wetu, aligawa vikaratasi, kila mtu aandike jina la amtakaye. Kama uchaguzi. Vikatiwa kwenye kikapu cha sadaka. Sasa Mzee Mwadime, mzee wa kanisa, yeye aliposikia kura alifahamu ile ya mitume, ya kuokota moja na kumwachia Mungu achague. Akasimama, akafumba macho, akaomba, akatia mkono kikapuni, akatoa kikaratasi kimoja. "Kura imemwangukia Terry!" Kina mama wakapiga vigelegele. Nanjala yuwasema, mzee, tuhesabu kwanza. Mzee akamuuliza, wewe waona Mungu ni wa kuhesabiwa? Akavichana vyengine vyote pale pale.

MUFTI: Akavichana!

BARIDI: Vipande vipande.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka hadi skrubu ya saa ya watu ikaniponyoka ikaingia chini ya meza. Nilipoinua kichwa nikamwona Baridi hacheki, nikaona haya.

MISUMARI: Sasa bhai, umechaguliwa na watu au na Mungu?

BARIDI: Ndilo ninalojiuliza tangu Jumapili. Silali. Chakula hakishuki. Nimemuuliza Ndinda. Wajua mke wangu alinambia nini? "Terry, kama ni Mungu, mizigo yako nitaifunga mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Kama ni wewe, usinambie ni Mungu."

Kamaludin akamjazia kikombe bila kuulizwa, na Baridi akakishika tu, hakunywa.

MUFTI: Basi usiwe na wasiwasi. Mimi nimekufanyia istikhara, nimekuombea Mungu aonyeshe njia.

BARIDI: Umenifanyia?

MUFTI: Juzi. Rakaa mbili, dua, nikalala kwa ubavu wa kulia.

REDIO: Lahaula! Istikhara hufanya mwenyewe mwenye haja, sheikh. Tena kumfanyia Mlutheri, yaswihi?

MUFTI: Nimemuombea jirani kheri. Nionyeshe palipokatazwa.

MISUMARI: Ukaota?

MUFTI: Nikaota friji.

Hapo hata Kamaludin aliweka dele chini.

MUFTI: Msicheke. Friji nyeupe. Na nyeupe katika istikhara ni kheri. Aende.

REDIO: Mlango wake ulikuwa wazi au umefungwa?

MUFTI: Wazi.

REDIO: Basi umeharibu! Mlango ukiwa wazi baridi yatoka, na baridi ikitoka vilivyomo vyaoza. Maana yake Baridi akitoka, nyumba yake yaoza. Asiende!

MUFTI: Baridi yatoka maana yake Baridi yuwatoka! Ndiyo safari yenyewe, wewe wataka iandikwe na namba ya basi?

BARIDI: Ilikuwa ikinguruma?

Wote tukamgeukia.

MUFTI: Nini?

BARIDI: Hiyo friji. Ilikuwa ikinguruma, au imekufa?

Hakuwa anafanya mzaha. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa, na ndipo nilipoacha kumcheka moyoni. Mtu mzima, fundi anayejua kompresa kwa kuisikiliza tu, anauliza hali ya friji ya ndotoni ya mtu mwengine.

MIMI: Baridi, wewe si ndiye uliyekuwa ukitwambia dini yenu haitaki mambo ya ndoto?

BARIDI: Haitaki. Tangu darasa la kipaimara twafunzwa, msitafute ishara. Neno lipo, ubatizo upo, meza ya Bwana ipo. Na kazi ya Mungu, mtu hajiiti mwenyewe, huitwa na usharika. Usharika ukikuita, ndiyo sauti ya Mungu hiyo. Haya yote nayajua, Dakika. Nayajua kwa moyo.

MIMI: Si umeitwa basi?

Akaitazama simu.

MISUMARI: Mimi napenda kitu cha kushikika. Sasa hivi ni saa ngapi, Dakika?

MIMI: Saa kumi na dakika thelathini na tano.

MISUMARI: Vizuri. Kuanzia sasa mpaka saa kumi na moja, akitokea mtu na friji imeharibika, Mungu yuwakutaka hapa Mombasa. Asipotokea, nenda.

REDIO: Na akileta feni?

MISUMARI: Feni haihesabiwi.

MUFTI: Hii ni kumjaribu Mungu.

MISUMARI: Wewe uliyemuotea friji ndiye wa kunambia hivyo?

Wallahi sisemi uongo, hawajamaliza maneno hayo tukaona tuktuk inakuja kutoka upande wa juu, na nyuma imebeba friji, ile ndogo ya dukani, imefungwa kamba ya katani. Baraza nzima ilisimama. Mufti alisimama na kikombe chake. Tuktuk ikafika mbele yetu, ikapunguza mwendo, dereva akatutazama tulivyomtolea macho sote, akaogopa nadhani, akakanyaga mafuta akaenda zake.

REDIO: Imepita! Nenda!

MISUMARI: Imepita, lakini ilipunguza mwendo.

MUFTI: Ilipunguza kwa sababu ya tuta.

MISUMARI: Na tuta hapo limewekwa na nani?

Baridi alikuwa ameketi tena, kiganja kwenye paji la uso. Nyuma ya tuktuk alikuja hamali na mkokoteni wa vitunguu, akauegesha kando ya ukuta, akajifuta jasho kwa shuka, akamwomba Kamaludin kahawa. Hatumjui. Tukamsogezea nafasi, akashukuru, akanywa akitusikiliza.

REDIO: Nyinyi mwamsumbua bure huyu. Mimi nawaambia ukweli. Hii ilipangwa.

MUFTI: Na nani?

REDIO: Na kanisa zima! Baridi, wewe si u katika kwaya?

BARIDI: Naimba besi.

REDIO: Wajua kuimba?

BARIDI: Najaribu.

REDIO: Ndiyo hivyo! Wamechoka. Wakaona, tutamwambiaje aache, na ni mtu mwema? Tumpeleke bara miaka miwili, akirudi sauti imekwisha. Hiyo karatasi iliandikwa kabla, ikapakwa gundi, mzee akatia mkono ikamganda kidoleni. Iko wapi yenyewe?

MIMI: Badawi, nyamaza. Yatosha sasa.

Nilikasirika kwa kweli. Lakini Baridi alikuwa ameshatoa pochi. Mzee Mwadime alimpa kile kikaratasi akiweke, kiwe ukumbusho, na alikuwa akitembea nacho tangu Jumapili. Redio akakinusa kutafuta gundi. Misumari akakiinua kwenye mwanga. Mufti akasema ni karatasi ya kawaida. Kikanifikia mimi, na kwa mazoea ya kazi nikashusha kioo changu cha kukuzia jichoni.

Kulikuwa na alama ya mafuta pembeni, ya kidole gumba. Na jina, TERRY, ile T ina mkia uliopinda kushoto. Mkia huo naujua. Baridi alinitengenezea friji yangu mwaka jana, akabandika kibandiko mlangoni, kaandika usiifungue mpaka saa tatu zipite, na kila T ilikuwa na mkia huo. Kibandiko bado kipo, nakiona kila nikichota maji. Nilikaa na kioo jichoni kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

MIMI: Baridi. Huu ni mwandiko wako.

Hakuruka, hakukana. Alishusha pumzi tu.

BARIDI: Ni wangu.

MUFTI: Kumbe ulijipigia!

MISUMARI: Sasa ajabu iko wapi? Wagombea wote hujipigia.

BARIDI: Sikuwa nagombea! Sikutaka kwenda popote. Nanjala alisema majina yatasomwa yote kwa sauti. Ndinda kakaa kando yangu. Miaka kumi na tisa nafungua lile kanisa, nafagia, natengeneza feni, na sijui kama kuna mtu ataniandika. Niliona yatasomwa yote na langu halimo. Nikasema liwemo moja tu. Moja, nisiaibike. Sikutaka kuitwa. Nilitaka kutajwa.

Mimi moyo uliniuma. Tulikuwa tumekunywa naye kahawa miaka yote hiyo, tukimcheka na mafriji yake, na hatukujua kwamba hilo ndilo analoliogopa.

BARIDI: Kisha watu thelathini na wanne, vikaratasi thelathini na vinne, na mkono wa mzee ukachukua hicho hicho.

MISUMARI: Kimoja katika thelathini na vinne! Bhai, huyo ni Mungu, hakuna mwengine.

REDIO: Au vyote vilikuwa na jina lake.

MUFTI: Au hakuna chengine hata kimoja kilichokuwa na jina lake.

REDIO: Au kila mtu mle aliandika jina lake mwenyewe, kwa haya hiyo hiyo! Thelathini na wanne, kila mmoja kajitaja!

Tulikaa tukilifikiria hilo, na lilitutisha kidogo.

BARIDI: Mwaona nilipo? Nikisema ndiyo, nimejiita mwenyewe kwa mkono wangu, na nitasimama mbele za watu miaka yote nikisema nimeitwa. Nikisema la, huenda Mungu aliniita kweli na mimi namkimbia kwa sababu ya mwandiko. Ndinda naye namwambia nini? Nambieni. Mufti, nambie. Saa ngapi, Dakika?

MIMI: Saa kumi na dakika hamsini na saba.

MUFTI: Mimi naona arudie istikhara mwenyewe, haraka haraka.

MISUMARI: Tumngoje mtu wa friji, dakika tatu ni nyingi.

REDIO: Zima simu.

Yule hamali alikuwa amemaliza kahawa. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akasimama, akashika vishikio vya mkokoteni wake, kisha akasita.

HAMALI: Samahani wazee wangu, mimi ni mpita njia. Hii habari ya mwandiko, hao wa kanisani mwake waijua?

Nilimtazama Mufti, Mufti akamtazama Misumari. Redio, ambaye hata kwenye matanga hanyamazi, alikuwa anakagua kandambili zake. Waislamu watano, mwuza kahawa akiwemo, walikuwa wamejua siri nzima ya ule usharika, na usharika wenyewe haujui. Hamali akatuaga kwa salamu akasukuma vitunguu vyake.

Simu ikalia.

Baridi aliiacha ilie mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaipokea.

BARIDI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Ndiyo, nipo. Mchungaji, kabla ya ndiyo na la. Ile karatasi aliyoitoa Mzee Mwadime, niliiandika mimi. Jina langu, niliandika mimi mwenyewe. Na nitasimama Jumapili niwaambie wote.

Simu imemganda sikioni, macho kayafumba. Kamaludin alivishika vikombe vyake visigongane.

REDIO: Asemaje?

BARIDI: Hasemi.

MISUMARI: Amekata?

Baridi akatikisa kichwa.

BARIDI: Yupo. Namsikia akipumua.

Hakuna aliyetoa fatwa. Tulimsogelea, tukakaa, tukangoja pamoja naye.