Hela Niliyoogopa Kuipokea

Bwana asifiwe sana, akina mama! Kamwene, nawasalimu na kwa Kihehe! Mkiona mikono yangu inatetemeka, msidhani ni ugeni wa kusimama mbele za watu. Mimi ni mtu mwoga. Nimekuja kumshukuru Mungu nikiwa bado naogopa, na Yeye analijua hilo, na hajanifukuza.

Naitwa Mama Leah. Nimekuja hapa Mafinga pamoja na wenzangu wa usharika wetu wa kule Pawaga, bondeni, tunakolima mpunga. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali mbichi, bati juu, karibu kabisa na mfereji, maana kwa mkulima wa mpunga kukaa karibu na maji ni baraka. Nilikuwa na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe wangu ambaye miguu haimbebi. Leah ndiye mkubwa, alikuwa kidato cha pili. Hatukuwa matajiri, lakini mchele haukukosekana ndani, na Jumapili nilivaa kitenge cha kwaya kama wenzangu.

Ndugu zangu, siku ile kwetu haikunyesha hata tone! Jua lilikuwa linawaka, naanika nguo. Kumbe huku juu milimani mvua ilikuwa imemwagika, na maji yote yanatafuta njia ya kuja kwetu. Nikasikia mngurumo, kama lori la magogo linashuka mlima, ila halifiki. Kuku wakanyamaza. Nikageuka kutazama upande wa mto, sikuona kitu. Maji yalikuja kwa nyuma yangu! Yalikuwa ya rangi ya udongo, na mbele yake yalibeba mlango wa nyumba ya mtu, umesimama wima, unakuja kama unatembea wenyewe.

Nilipiga kelele. Nikashika wadogo wawili, mmoja kila mkono. Mama mkwe alikuwa ndani kitandani. Nikasema moyoni, Mungu wangu, nichague nani? Sikuchagua. Leah alishaingia ndani, akainama, akambeba bibi yake mgongoni kama unavyobeba mtoto, akatoka naye maji yakimfika magotini. Bibi akawa anamwambia, "Niache, mjukuu wangu, niache." Leah akamjibu, "Bibi, nyamaza, unanivunja nguvu." Tukakimbilia kwenye tuta la barabara. Nilipogeuka, ukuta wa jikoni ulikuwa unalala taratibu ndani ya maji.

Baba Leah alikuwa shambani. Jioni ile hakuna aliyejua kama yu hai. Kesho yake vijana walimtoa juu ya mti wa mgunga, ngozi ya mikono imechubuka yote, hawezi kufungua vidole. Alisema chini ya mti ule mamba alikuwa anazunguka. Sijui kama ni kweli au ni hofu. Ila tangu siku ile mume wangu hajawahi kukanyaga maji bila kwanza kuyapiga kwa fimbo.

Wapendwa, watu wanasema mafuriko yakipita yamepita. Si kweli! Maji yakiondoka ndipo hofu inaingia ndani na kukaa. Tulirudi kutazama, tukakuta mafiga tu. Bati letu moja lilikuwa limenasa juu ya mti. Mpunga wote umefunikwa na mchanga. Tukahifadhiwa kwenye madarasa ya shule, familia nyingi chumba kimoja, tunatenganishwa na khanga. Pikipiki ikinguruma barabarani, watoto wangu wanasimama na kutaka kukimbia. Mdogo aliacha kuongea kabisa. Kutwa alikuwa ameshika upindo wa gauni langu, hata nikienda chooni.

Chakula cha msaada kilikuja kidogo, kikaisha. Mume wangu akaenda kutafuta kibarua cha kupakia mbao huku huku Mafinga. Aliondoka bila simu, simu yake ilibaki kwenye tope; yangu ilipona kwa kuwa nilikuwa nimeifunga kwenye khanga kiunoni. Wiki zikapita, hakuna habari. Nikaanza kuwaza kwamba nimeachwa. Mama mkwe akawa anajifanya ameshiba ili watoto wale.

Hapo ndipo akaja yule mwanamke.

Alijiita Mama Shani. Alisema ana hoteli ya chakula Makongolosi, kule kwenye machimbo ya dhahabu, na anatafuta binti wa kuosha vyombo. Alikuwa na sauti nzuri, na alinionea huruma. Akasema, "Mwanao atakula, atavaa, na kila mwezi atakutumia kidogo. Hapa mnangoja nini, dada yangu? Mnangoja mvua nyingine?"

Nilimwuliza hoteli yake inaitwaje. Akacheka, akasema nikifika nitaiona. Ndugu zangu, kicheko kile sikukipenda. Lakini njaa ina kelele kuliko moyo. Leah mwenyewe akasema, "Mama, mimi nikiondoka, sahani moja inapungua." Mtoto aliyembeba bibi yake mgongoni! Nikakubali. Mama Shani akasema atarudi kumchukua.

Kabla hajarudi, wakaja vijana wa shirika moja pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Wakaandika majina ya waliopoteza nyumba, wakataka namba za simu. Wakasema kila kaya itatumiwa hela moja kwa moja kwenye simu. Nikamwuliza binti aliyekuwa anaandika, "Mnataka tununue nini?" Akasema, "Mama, utanunua unachohitaji. Hatutakuuliza." Nikamwuliza, "Na tutarudisha lini?" Akasema, "Hamrudishi."

Hapo ndipo niliogopa kweli! Maana nani anakupa hela na hakuulizi?

Habari zikaenea darasani siku ile ile. Watu wakasema, hizo ni hela za freemason. Leo wanakupa, kesho wanadai damu. Ukigusa hela ile, mtoto wako wa kwanza anaondoka. Jirani yangu tuliyetenganishwa kwa khanga, Mama Eda, alikataa kuandikwa. Aliniambia, "Mwenzangu, nimeshapoteza nyumba. Mtoto simpotezi kwa hela ya shetani." Mimi nilikuwa nimeshatoa namba yangu. Sikutoa kwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka hata nguvu ya kukataa sina.

Asubuhi ya Leah kuondoka, Mama Shani alikuwa amekaa nje ya darasa juu ya begi lake, anasubiri basi. Leah amefunga nguo zake kwenye mfuko wa rambo. Nilikuwa namsuka nywele, nazisuka polepole ili zisiishe. Simu ikalia. Nikasoma ujumbe, nikaitupa chini kama imeniuma! Hela ilikuwa imeingia.

Mama mkwe akaniuliza, "Kuna nini?"

Nikamwambia, "Mama, ile hela imekuja. Siitaki. Wanasema itachukua mtoto."

Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi, na siku nyingi hata hanijibu vizuri. Siku ile alijivuta mpaka karibu yangu, akanishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaniingia. Akasema, "Unaogopa hela itachukua mtoto. Na yule aliyekaa nje, amekuja kuchukua nini?"

Wapendwa! Nilihisi kama mtu kanifungua macho kwa vidole. Nilikuwa nakimbia hofu ya kusikia, huku kwenye hofu ya kweli nampeleka mwanangu mwenyewe, nimemsuka nywele, yuko tayari kupanda basi!

Nikaokota simu. Nikakimbia kwa wakala pale senta, peku. Njiani nilikuwa naomba kwa sauti kama kichaa: "Yesu, kama ni mtego, nishike. Kama ni mkono wako, nisiukatae." Nilikuwa nakosea kubonyeza hadi wakala akanisaidia, naye akageuza uso nikiandika namba yangu ya siri. Akanipa noti. Nikazishika nikingoja kitu kitokee. Hakuna kilichotokea. Zilikuwa noti tu, moja imechanika pembeni. Nikanunua unga, maharage, mafuta na chumvi, nikarudi nimebeba kichwani nalia.

Nikamwambia Mama Shani, "Leah haendi." Ile sauti nzuri ikapotea hapo hapo. Akasema, "Umenipotezea muda! Mwezi ujao utanipigia magoti." Nikaingia ndani, nikamshika Leah, nikafungua mfuko wake, nikatoa nguo moja moja. Alikaa chini, akaanza kulia kwa kwikwi, na hapo nikajua mtoto wangu alikuwa anaogopa siku zote zile, akinificha.

Nilipotoka tena, Mama Shani alikuwa anaongea na Mama Eda. Eda alikuwa rika la Leah, walikuwa wanaimba pamoja. Nikaenda nikamwambia Mama Eda, "Subiri kwanza. Unga huu tugawane, tule wote, kesho twende kwa mwenyekiti uandikwe." Akautazama ule unga, akarudi nyuma. Akasema, "Mwenzangu, siwezi kula hiyo hela. Wewe Mungu wako akusaidie." Nikashika mkono wa Eda mwenyewe. Mama yake akautoa mkono wangu taratibu. Basi likaja. Kwenye kiti cha Leah akakaa Eda.

Mimi sikuweza kulala vizuri, hata tukiwa tumeshiba. Nilikuwa natazama watoto wangu, nangoja nani ataugua. Mdogo alipopata homa, nilimkimbiza zahanati nikijua saa yangu imefika. Ilikuwa malaria. Akapona! Akaanza kuongea, na neno lake la kwanza lilikuwa "ugali."

Ile hela ilitumwa tena. Safari hii simu sikuitupa chini. Tukapata kiwanja juu, mbali na mfereji, tukanunua bati na mbegu za mahindi. Leah akarudi shule na viatu vipya. Na mume wangu akarudi! Hakuwa ameniacha. Alikuwa ameangukiwa na mbao mguuni, amelazwa, namba yangu haikumbuki, hana wa kumtuma. Aliposikia kwamba watoto wote wapo, alikaa chini barabarani.

Leo tunalala kwenye nyumba yetu. Haijapigwa lipu, lakini ni yetu. Wingu jeusi likitanda huku milimani, bado moyo wangu unaruka, bado nahesabu watoto kwa macho. Lakini najua jambo moja: Mungu hakungoja niwe jasiri ndipo aniokoe. Alikuja nikiwa namkimbia! Kwa hiyo kama uko hapa na moyo wako umejaa hofu, usisubiri iishe. Mwite hivyo hivyo, ukitetemeka. Na akikutumia msaada kwa mlango usioujua, omba, uliza, kisha ufungue.

Sasa, ndugu zangu, msinipigie makofi bado. Namba ya simu aliyoachiwa Mama Eda haipatikani. Baba yake alienda Makongolosi, akazunguka, hoteli ya Mama Shani haijulikani. Polisi wana taarifa. Mama Eda tumekuja naye, amekaa pale nyuma karibu na dirisha, na ameniruhusu niseme. Sisimami hapa kusema Mungu alimpenda mwanangu kuliko wake. Siwezi kusema hivyo, ningekufa.

Nasikia kuna akina mama hapa mmetoka Uyole, na wengine mmetoka Chunya, upande wa hayo machimbo. Nawaomba kwa jina la Yesu. Mkirudi kwenu, mkila hotelini, mkipita sokoni, watazameni mabinti wanaoosha vyombo. Eda ni mweusi, mwembamba, ana kovu kidevuni, anaimba sauti ya pili. Mwulizeni jina. Akisema ni Eda, mwambieni mama yake ana chakula, nyumba ya Mama Leah ina nafasi, na hakuna mtu atakayemuuliza kitu.

Sasa simameni twende pale nyuma, tumshike mkono mama yake. Aliyenifikia mimi nikikimbia peku, hajashindwa kumfikia Eda. Amina.