Rimu Iliyoikomboa Kuba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi, na majirani zetu mliokalia mstari wa mbele kwa haki kabisa:

Sisi wanachama wa Klabu ya Historia, Shule ya Sekondari Mkongeni Juu, tunayo heshima ya kuutangazia ulimwengu kwamba mwezi uliopita kisiwa cha Kuba kilijikomboa kutoka kwa Wahispania, hapa hapa, kati ya Korogwe na Handeni. Uhuru huo ulidumu kama dakika kumi. Kisha ukamwagiwa maji.

MAKARIBISHO

Karibu sana, Mheshimiwa. Kiti ulichokalia kilikuwa cha gavana wa Hispania. Kimeshakauka.

HISTORIA

Mwaka 1868, mwenye shamba la miwa huko Kuba aligonga kengele ya kiwanda chake. Watumwa wake walipokusanyika, aliwaambia kwamba tangu siku hiyo wako huru, na anayetaka afuatane naye kupigana na Wahispania. Vita vile vilichukua miaka kumi bila kuleta uhuru, ikabidi waje kuanza upya. Hispania iliondoka miaka thelathini baada ya kengele ile.

Habari hizo ndizo tulizoigiza. Miwa hatuna, tukasimamisha mkonge. Mapanga mlezi wetu, Mwalimu Yuditha, aliyakataa, tukapewa mabua ya mahindi. Kengele ilikuwa iwe sufuria.

Kengele yetu halisi ni rimu ya lori iliyoning'inizwa karibu na stoo. Ikigongwa kwa vituo, ni kipindi. Ikigongwa mfululizo, ni moto, na majirani wote huja na maji. Tulikubaliana hivyo tangu bweni la wavulana lilipoungua. Siku ya igizo ulivuma upepo mkali, na rimu ikalia mfululizo.

Bibi Noonkipa, wa boma lililo ng'ambo ya korongo, alifika wa kwanza na fimbo na dumu la maji. Alimkuta Habakuki, gavana wetu, akimburuta mwenzetu Tatu, aliyeigiza mtumwa, kwa mnyororo wa karatasi.

"We kijana, mwachie mtoto wa watu!"

"Bibi, mimi Mhispania!"

"Hata kama ni Mhispania!"

Maji yote yalimwishia Habakuki.

CHANGAMOTO

Majirani walipojua hakuna moto, hawakucheka. Mama Serafina alikuwa amekuja na maji yake ya kunywa, na kiangazi hiki anayafuata mbali. "Siku nyingine gongeni mpaka mchoke," alisema, akaondoka na ndoo tupu. Mzee Muhidini, mlinzi na mgonga kengele wetu, alinyang'anywa kazi ya kengele, kwa kuwa iliaminika aliacha chuma chake cha kugongea ovyo kwenye rimu, upepo ukakigonganisha nayo.

Wiki mbili baadaye, moto wa kuandaa mashamba uliruka barabara, ukashika rundo la kuni nyuma ya bweni la wasichana. Ndani alilala Tatu, hoi kwa malaria. Mwalimu Yuditha aligonga rimu mfululizo. Sisi tulikimbia na ndoo huku tukitazama njia ya korongoni. Ilikuwa tupu. Mheshimiwa, hatujawahi kuitazama njia namna ile.

MAFANIKIO

Walikuja. Mama Serafina alitokeza na ndoo kichwani, akapaza sauti, "Leo nani tena kapata uhuru?" Alipouona moshi hakuuliza la pili. Moto ulizimwa, tumepoteza kuni na mlango mmoja. Tatu yule pale, anakupungia mkono.

Tulimuuliza Bibi Noonkipa kilichomleta.

"Nilijua mnadanganya," alisema. "Nikabeba maji na fimbo. Kama ni moto, nizime. Kama si moto, niwachape."

MAOMBI

Tunaomba tangi la maji pale korongoni, litusaidie sisi na majirani. Tunaomba klabu isifutwe. Tena tunaomba Mzee Muhidini arudishiwe kengele, kwa sababu hakuacha chuma chake ovyo.

Ombi hili la mwisho ndilo lililotuponza. Jana Mwalimu Yuditha aliipitia risala, akamwita mwandishi.

"Kama chuma hakikuachwa ovyo, huo upepo uligongea nini?"

Chuma kilikuwa ndani ya koti la Mzee, lililotundikwa ukutani wakati yeye anaswali Alasiri. Upepo, Mheshimiwa, hauna mkono wa kutia mfukoni. Mwandishi ndiye aliyeigiza mwenye shamba la miwa, na aliona sufuria haitoshi kwa uhuru wa taifa zima. Anaitwa Salaash, wa kidato cha tatu, na ndiye anayekusomea sasa hivi.

Shikamoo, Mzee Muhidini. Nisamehe. Chuma chako nimekiomba ofisini, hiki hapa. Mama Serafina, kesho asubuhi nitakuja kuchukua ndoo zako nikakuchotee maji.

Mungu akurudishe salama, Mheshimiwa, na ambariki kila aliyekuja mara ya pili.

Ni sisi,
Klabu ya Historia, Mkongeni Juu.