Ile App ya Mwalimu wa Kwaya

Mimi sisikilizi mambo ya watu. Ni masikio yangu tu yaliyozoea kazi ya reli, maana nikiwa Nakuru nilikuwa nasikia gari la moshi likipiga honi Kisumu. Kwa hivyo Jumapili hiyo, kwa shuttle ya Naivasha, sikuhitaji bidii kumsikia Hezekiah, mwalimu wa kwaya aliyeketi mbele yangu. Alikuwa amefungua laptop akimwonyesha mama aliyekuwa kando yake, mwenye cyber café huko Section 58, Nakuru.

“Nyimbo zote za kanisa ziko hapa, madam. Nimepin website kwa taskbar, hapa chini ya screen, sasa ni app. Nimeambia kwaya ya Kihoto, tunakoimba leo, iache vitabu nyumbani.”

“Mwalimu, hapo umeweka mlango tu. Nyumba yenyewe bado iko kwa internet. Bundles za data uko nazo?”

“Bundles za nini, na iko ndani ya mashine?” Akabonyeza, wimbo ukafunguka. “Si unaona?”

“Naona wi-fi ya hii gari. Ile password uliomba makanga ilikuwa ya nini?”

“Hiyo ilikuwa ya kuangalia mpira.”

Mama alicheka mpaka dereva akatuangalia kwa kioo. “Basi huko Kihoto utawaimbisha mpira.”

Gari likasimama Naivasha. Hezekiah alishuka amebeba laptop wazi kama sinia ya chapati, akaenda mbali kidogo na gari, akabonyeza wimbo mwingine. Akangoja. Akabonyeza tena, wimbo ukakataa kufunguka. Halafu akamkimbilia yule mama.

“Bado nasema ni app,” alimwambia. “Lakini wewe na bundles zako leo mnaabudu wapi?”