Wasichana Saba wa Vuchenga na Salamu Isiyotaka Jibu

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Shule, shikamoo. Pole kwa kumalizia kwa miguu safari ya kutoka Same baada ya gari lako kushindwa kupanda kona ya nne. Sisi wanafunzi wa darasa la nane tunafurahi kwamba safari hii njia yetu umeiona. Risala hii tumeitunga sote saba, na anayeisoma ni mwalimu wetu msaidizi, Eliaichi.

KIINGEREZA KILIVYOFIKA VUCHENGA

Misi Edithi alitoka Uingereza miaka miwili iliyopita, Mzungu peke yake mlima mzima. Siku ya gulio alifuatwa na msururu wa watu kama bibi harusi. Mama mmoja alimshika nywele, mwenzake akamkaripia: "Ziache, we! Ukizipapasa sana utaambiwa ununue." Mayai aliyokula asubuhi yalijulikana hadi bondeni kabla hajamaliza kutafuna. Alituambia, "Nimekuja kuwafundisha kujieleza, kumbe kila mtu hapa ananieleza mimi."

Somo la kwanza lilikuwa salamu: "Hau du yu du?" Akafafanua kwamba ni kuuliza hali, na jibu lake ni "Hau du yu du?" Mzee Zebedayo, aliyekuwa akitengeneza dirisha, akashusha nyundo. "Sasa hapo, binti yangu, nani kamjibu mwenzake?"

Misi alicheka. Kuanzia kesho yake alitusalimu na kungoja tumpe habari zote za nyumbani, mpaka za mbuzi, kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyokijua.

MAFANIKIO

Tunasoma gazeti la Kiingereza na kubishana nalo. Misi naye siku hizi akienda gulioni hufuatwa na mbwa tu.

SHIDA

Mwezi Machi alikuja mkaguzi. Utamkumbuka, maana ni wewe. Ulimwuliza mwenzetu Eliwaza, "Hau du yu du?" Akakujibu kwa Kiingereza safi kwamba mama yake ana homa siku ya tatu, ila asubuhi ile alikuwa amekunywa uji. Ukaandika katika taarifa yako: "Hawajui hata salamu." Kwa mstari huo tumezuiwa kufanya mtihani wa Novemba, na Misi anahamishwa.

Kosa ni letu. Ulipouliza, tulidhani unataka kujua.

Asiyefanya mtihani huo, shule kwake imekwisha. Wawili kati yetu wameshaposwa, na miwa ya pombe ya posa imeanza kukamuliwa.

OMBI

Tunaomba jambo moja: tufanye mtihani.

Ombi hili tumeliandika pia kwa Kiingereza, bila Misi wala Mwalimu Eliaichi kugusa kalamu. Nakala yako iko hapo mezani, chini ya kisahani cha chai. Nyingine ilipanda basi Jumanne kwenda kwa mkubwa wako jimboni, pamoja na mstari wako wa Machi, ili alinganishe. Ukiona kosa lolote la sarufi, tafadhali simama ulisahihishe sasa hivi, kwa sauti, wazazi wetu wakisikia.

Tumenyamaza. Tunakusikiliza.

Mungu akujalie mteremko usio na utelezi, na macho ya kusoma kwa miaka mingi.

Ni sisi,
Wasichana Saba wa Darasa la Nane,
Shule ya Kati ya Vuchenga, Upare,
Agosti 1955.