Mpiga Pasi wa Misheni na Kitabu Chake cha Mapadri

Marehemu mke wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, katika nyumba za wafanyakazi wa misheni. Alikuwa mtoto wa tatu wa mpishi wa mapadri.

Alisoma kwa masista hadi darasa la nane. Mimi sikusoma. Haya nayasema, mjukuu wetu anaandika.

Mwaka 1957 alianza kazi katika chumba cha kufulia, akipiga pasi kanzu za mapadri. Alikuwa akisema, anayekupigia pasi anakujua kuliko anayekuungamisha.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Mei 1962. Tulijaliwa watoto watano, mmoja akatutangulia.

Mwaka 1997 kilitoka kitabu chake, hadithi ya kubuni juu ya padri mzungu wa enzi za mkoloni. Padri huyo amekuja kuwaonyesha watu njia ya mbinguni, na ya sokoni haijui. Akipotea, anailaumu njia. Watu walicheka mpaka machozi. Paroko wa wakati ule hakucheka.

"Mama, huyu ni mimi. Kama siyo, mtaje. La sivyo, omba radhi."

Hakumtaja mtu, wala hakuomba radhi. Akanyimwa komunyo. Paroko akahama, katazo likabaki miaka ishirini na miwili. Wenzake wakienda kupokea, yeye alibaki amekaa.

Figo zilipomlemea nikamwambia, "Mama watoto, omba radhi tu yaishe."

"Kwa kosa gani, mzee? Na nikimtaja mwenyewe, nyumba hii haitakalika."

Nikamwambia mjukuu anisomee hicho kitabu. Padri anavaa viatu vinavyombana, kwa kuwa alishasema vinamtosha. Anaamuru kisima kihamishwe kifuate ramani yake. Nikasema, "Funga. Huyo ni babu yako."

Kesho yake nikaenda kwa paroko wa sasa. "Baba, padri wa kitabuni ni mimi. Mke wangu alinivika kanzu tu."

Alinitazama miguuni, akacheka mpaka akakaa chini. Jumapili ile akaja nyumbani na komunyo.

Mke wangu akaniuliza, "Umeenda kujitaja? Hukuona aibu?"

"Niliona."

"Haya, niinue nikae vizuri, nipokee."

Alifariki Jumanne, tarehe 19 Novemba 2019, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na kitabu kimoja. Atakayekisoma acheke kwa sauti, mwenyewe nimeruhusu.

Pumzika, mama watoto. Amani ya Bwana iwe nawe.